Mrejesho: supu ya fondyu ya chungwa na ndimu

Assalaam aleikum. Juma lililopita niliuliza kwa nini supu yangu ya fondyu, ule mlo wa Uswisi ambao kila mlaji huchovya kipande chake katika supu ya moto hadi kiive, iligeuka chungu nilipoitia machungwa. Mliniambia nitazame weupe ulio chini ya ganda, na kweli kosa lilikuwa hapo.

Jana, hapa Lamu, nilimenya ganda la chungwa kwa kisu, likawa jembamba kiasi cha kupitisha mwanga, bila ule weupe, nikalitokosa ganda hilo kwa dakika 10 tu katika lita moja na nusu ya supu ya kuku yenye mdalasini, iliki, tangawizi na karafuu 3, kisha nikalitoa. Ndimu niliikamulia mwishoni, sufuria ikiwa tayari juu ya seredani uani, maana makaa hayafai kuwashwa ndani ya chumba kilichofungwa. Harufu ilikuwa safi, na uchungu haukuwepo kabisa.

Kamba walijikunja na kuwa wekundu kwa dakika mbili hivi. Nyama ya ng'ombe ilikuwa ngumu kidogo kwa sababu niliikata nene. Safari ijayo nitaigandisha nusu kwanza, ikatike nyembamba.