Kenny Dorham: mbona huyu mpiga tarumbeta hatajwi?

Tarumbeta la Usharika

Shikamooni wakubwa, na wenzangu mambo vipi.

Napiga tarumbeta kwenye bendi ya usharika wetu hapa Moshi. Kazi zetu ni ibada, harusi na misiba, sauti nne, kila mtu na karatasi yake. Jazi imeingia kwangu kupitia mwalimu wetu, aliyetuletea "Blue Bossa" ili tujifunze kupiga bila karatasi. Akatusikilizisha rekodi ya mpiga saksafoni Joe Henderson, albamu ya Page One ya mwaka 1963. Wenzangu wote masikio yakaenda kwenye saksafoni. Mimi nikanasa kwa yule wa tarumbeta. Anaingia kama mtu asiyedaiwa na yeyote. Sauti yake kavu kidogo, haing'ai, na akifika mahali ambapo ungedhani sasa atapanda juu watu washangilie, yeye anashuka. Nikatafuta jina: Kenny Dorham. Nikatafuta mtunzi wa wimbo: Kenny Dorham tena!

Mbona hatajwi? Nikiuliza wajuzi naambiwa Armstrong, Dizzy, Miles, Clifford Brown, Lee Morgan, basi. Hakuwa na kiwango, au ni sikio langu la kanisani ndilo limezoea mambo ya taratibu? Na nikitaka kumjua vizuri nianze na rekodi gani?

Mzee wa Santuri

Marahaba, mdogo wangu. Sikio lako ni zima kabisa.

Tatizo la Dorham halikuwa kiwango. Kila kiti alichokalia kilikuwa bado na joto la mwingine. Mwishoni mwa 1948 aliingia bendi ya mpiga saksafoni Charlie Parker kuchukua nafasi ya Miles Davis. Katikati ya miaka ya 50 alikuwa miongoni mwa walioanzisha bendi ya Jazz Messengers na kina Art Blakey na Horace Silver, lakini leo ukitaja tarumbeta ya Messengers watu wanakujibu Lee Morgan, aliyekuja 1958. Juni 1956 Clifford Brown akafa kwa ajali ya gari akiwa na miaka 25, na Max Roach, mpiga dramu aliyekuwa akiongoza naye bendi, akamwita nani? Dorham. Hebu fikiria: unapanda jukwaani usiku baada ya usiku mbele ya watu ambao bado wanamlilia mwenzako. Mwingine angepiga kwa nguvu ili awasahaulishe. Huyu hakubadilisha sauti yake.

Anza na Quiet Kenny. Imerekodiwa Novemba 1959 kwenye studio ya Rudy Van Gelder, New Jersey, na humo ndani hakuna saksafoni ya kukuibia masikio: ni yeye, Tommy Flanagan kwenye piano, Paul Chambers kwenye besi, Art Taylor kwenye dramu. Wimbo wa kwanza, "Lotus Blossom", ameutunga mwenyewe. Sikiliza ulimi wake. Wapigaji wengi wa enzi ile walipenda noti ziteleze zikiungana, yeye anazigonga mojamoja, halafu ghafla anaziachia tatu nne zitiririke, na hapo ndipo utamu ulipo. Kisha nenda "Blue Friday", bluzi ya polepole. Hapo utanielewa nikisema kwamba upole wake si woga. Ile ni hesabu. Anajua noti gani ya kuacha.

Ukishaizoea hiyo, tafuta Una Mas, Aprili 1963. Wimbo wenye jina la albamu unazidi dakika 15, ulijaza upande mzima wa santuri, na hauchoshi. Ona aliowakusanya: Joe Henderson, ambaye alikuwa hajawahi kurekodi, Herbie Hancock kwenye piano, Butch Warren kwenye besi, na kwenye dramu Tony Williams, mtoto wa miaka 17. Mwezi uliofuata Hancock na Williams walikuwa studio na Miles. Miles tena! Yaani hata vijana aliowaamini mapema historia iliwaandika kwa jina la mwingine. Na hiyo Page One yako ni ya Juni mwaka huohuo. Albamu ya kwanza ya Henderson, na mkubwa wake yuko pembeni, kampa "Blue Bossa" afungulie.

Kanda Mbili

Mzee heshima yako, ila kuhusu Quiet Kenny mimi nabisha. Kwa kijana anayepiga harusini ile ni rekodi ya kumlaza usingizi. Ampe Afro-Cuban ya 1955! Yumo Blakey kwenye dramu, Patato Valdés kwenye tumba, J.J. Johnson na tromboni, Hank Mobley na saksafoni ya tena, Cecil Payne na saksafoni ile nene ya baritoni. Sisi tuliokulia kwenye rumba tunasikia moja kwa moja, maana ngoma za Kuba ndizo zilizovuka bahari kwa santuri zikaifikia Kongo na huku kwetu. Weka "Afrodisia" uone kama utakaa kitini.

Halafu tuseme kweli: huko juu kabisa sauti yake inakuwa nyembamba. Clifford hakuwa na shida hiyo.

Mzee wa Santuri

Ndugu yangu Kanda Mbili, Afro-Cuban sina ubishi nayo, aisikilize wiki hiihii. Na ni kweli huko juu si kwake. Kwake ni katikati, ndiyo maana anakaa hapo. Ukitaka kusikia anavyoweza kusimama na jitu, Jazz Contrasts ya 1957 yuko na mpiga saksafoni Sonny Rollins, na kwenye nyimbo za polepole kuna kinubi. Kinubi kwenye jazi! Nilidhani ni utani mpaka nilipokisikia. Mwaka 1958 alitoa pia albamu ambayo anaimba. Hiyo muacheni nayo mwenyewe.

Ya mwisho kama kiongozi ni Trompeta Toccata, 1964. Baada ya hapo hakuna aliyemwita tena studio atoe albamu yake, na Desemba 1972 figo zikamwondoa, akiwa na miaka 48.

Tarumbeta la Usharika

Asanteni sana wakubwa. Nimeanza na "Lotus Blossom", nimeirudia mpaka mke wangu kauliza kama simu imekwama. Swali moja la kiufundi: kwenye "Blue Bossa" mwalimu anapiga kinanda kwa C maina, mimi nikipiga ninavyoona napotea katikati. Kuna nini pale?

Mzee wa Santuri

Tarumbeta lako ni la Bb, yaani ukipiga C kinandani inasikika Bb, kwa hiyo C maina yake kwako ni D maina. Wimbo una baa 16. Baa ya 9 hadi ya 12 unahama: kinandani unakwenda Db meja, kwako Eb meja, halafu unarudi nyumbani. Ni nusu tu ya hatua, ndiyo maana unapotea. Piga skeli ya Eb meja polepole hadi vidole viizoee, kisha sikiliza Dorham mwenyewe anavyovuka hapo. Havuki kwa kelele. Na mwambie mwalimu asiharakishe mwendo, bossa si mwendo wa mchakamchaka.