Kugawa jedwali la miamala kati ya diski mbili: je, safuwima moja inaweza kuhamishwa peke yake?

Karani_Chumbageni

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninasimamia hifadhidata ya chama kidogo cha akiba na mikopo hapa Tanga, inayoendeshwa na programu ya hifadhidata ya PostgreSQL toleo la 15 kwenye seva yenye kumbukumbu (RAM) ya GB 16. Jedwali la miamala limefikia GB 180, na ninashuku kwamba uzito mwingi unatokana na safuwima moja, ile ya picha za stakabadhi ambazo makarani huzipiga skani kila mwanachama anapoweka au kutoa fedha. Diski ya SSD inakaribia kujaa, nasi tumenunua diski ya kawaida ya TB 4. Ningependa miamala ya mwaka huu ibaki kwenye SSD, ya miaka iliyopita ihamie kwenye diski kubwa, na picha zote ziende huko bila kujali mwaka. Je, naweza kuipa safuwima ya picha eneo lake la hifadhi (tablespace), yaani mahali pake kwenye diski? Na je, kazi hii yafaa kufanywa mchana ofisi ikiwa wazi?

Fundi_wa_Ngamiani

Ndugu Karani, katika PostgreSQL safuwima haipewi eneo la hifadhi; linalopewa ni jedwali, kizigeu cha jedwali (kipande cha jedwali lililogawanywa) au faharasa (index). Hifadhidata ya Oracle huruhusu data kubwa za safuwima ya aina ya LOB (aina ya vitu vikubwa kama picha) kukaa kwenye eneo tofauti na jedwali lenyewe, na huenda ndiko wazo hili lilikoanzia, lakini huku halipo. Safu mlalo inapozidi takriban KB 2, PostgreSQL huzibana thamani zake ndefu au huzitoa na kuziweka kwenye jedwali la pembeni liitwalo TOAST. Jedwali hilo hufuata jedwali mama popote liendapo, wala huwezi kulihamisha peke yake.

Kwa hiyo picha ziundie jedwali lake, lenye namba ya muamala na picha tu, nalo uliweke moja kwa moja kwenye eneo la hifadhi la diski kubwa. Usitarajie ripoti za kila siku ziende kasi zaidi kwa sababu hiyo, kwani swali (query) lisiloitaja picha halikuwa likisoma TOAST tangu awali. Faida yako ni nafasi.

Zingatia pia kwamba kufuta safuwima ya zamani kwa DROP COLUMN hakurudishi nafasi papo hapo. Data hubaki kwenye diski mpaka safu mlalo zake zisasishwe au jedwali liandikwe upya, kwa mfano kwa VACUUM FULL, ambayo hulifunga jedwali lote, hata kwa wanaosoma tu. Fanya hivyo usiku au Jumapili.

Bandarini_Data

Naungana na Fundi, ila kabla ya kugawa kwa miaka ningeomba Karani apime kwanza. Kipimo cha pg_total_relation_size hujumlisha TOAST na faharasa, ilhali pg_relation_size huonyesha jedwali lenyewe tu. Nyaraka rasmi za PostgreSQL hutoa kanuni ya makadirio kwamba ugawaji huanza kuwa na faida jedwali linapozidi kumbukumbu ya seva. Wengi hugawa jedwali dogo, kisha hulalamika kuwa maswali yamekuwa mazito, kwa kuwa swali lisilotaja tarehe hulazimika kupitia vizigeu vyote.

Karani_Chumbageni

Nimepima. Jedwali lenyewe ni GB 21, faharasa GB 9, na zilizobaki zote ni TOAST. Ripoti zetu karibu zote hutaja tarehe.

Fundi_wa_Ngamiani

Basi kuhamisha picha pekee kutakuondolea tatizo la diski, na ugawaji wa miaka si wa lazima, ingawa kwa jedwali la GB 21 dhidi ya kumbukumbu ya GB 16 una hoja. Ukiamua kugawa, jedwali lililopo haligeuzwi kuwa lenye vizigeu. Utaunda jipya na kunakili data bila picha, na hapo hutahitaji VACUUM FULL. Mpaka wa juu wa kila kizigeu hauhesabiwi ndani yake, hivyo mwaka 2024 huandikwa kuanzia 2024-01-01 hadi 2025-01-01. Mwaka ukiisha, hamisha kizigeu kwa SET TABLESPACE, kisha faharasa zake kwa amri nyingine, maana zenyewe hazifuati. Amri hiyo ukiielekeza kwa jedwali mama haihamishi chochote. Huamua tu vizigeu vitakavyoundwa baadaye vikae wapi.

Bandarini_Data

Kwa chama cha fedha kuna jambo zito zaidi. Ufunguo msingi (primary key, unaotambulisha kila safu mlalo) wa jedwali lenye vizigeu ni lazima uwe na safuwima ya ugawaji, yaani namba ya stakabadhi pamoja na tarehe. Maana yake hifadhidata haitazuia tena namba ileile kutumika mwaka 2023 na tena mwaka 2024, jambo ambalo mkaguzi wa hesabu hatalipokea kwa furaha. Weka jedwali dogo lisilogawanywa la namba za stakabadhi, lenye sharti la upekee, na namba ya kila muamala iandikwe humo katika shughuli moja (transaction) na uandishi wa muamala wenyewe.

Na ile diski ya TB 4 msiihesabu kuwa nakala rudufu. Eneo la hifadhi ni kiungo cha hifadhidata nzima. Diski hiyo ikifa, seva inaweza kukataa kuwaka hata kama SSD ni nzima. Nakala iwekwe kwenye mashine nyingine, na kwa umeme wetu huu, zote mbili ziwe na UPS (betri ya akiba umeme unapokatika).