Dovecot 2.4 imegoma kuwaka, naomba ushauri
Wakuu habari zenu. Nina seva ndogo ya barua pepe ya ofisi, Postfix (ya kupokea na kutuma barua) na Dovecot (ya kuwapa watumiaji barua zao). Juzi usiku nimeipandisha mfumo endeshi kutoka Debian 12 kwenda 13. Postfix inapokea barua vizuri tu, ila Dovecot haiwaki kabisa. Nimeshajua toleo la 2.4 lililokuja na Debian 13 linataka mstari wa kwanza wa faili la mipangilio uwe dovecot_config_version, na mail_location (mahali barua zinapohifadhiwa) imevunjwa ikawa mail_driver na mail_path. Nimebadilisha. Sasa inalalamikia ssl_cert (cheti cha usalama). Nikirekebisha hiyo, inarukia passdb (sehemu ya kuhakiki nywila). Maelekezo ninayoyapata karibu yote ni ya toleo la zamani, 2.3, na mengine mtu kanakili tu bila kujaribu. Kuna aliyevuka hapa? Niandike faili la mipangilio upya au nirudi Debian 12? Bosi anaulizia barua zake kila nusu saa.