Nasoma Biblia kila siku ila matumaini siyaoni, nakosea wapi?

mama_wa_tomondo

Bwana asifiwe wapendwa. Mie nipo Unguja hapa, nakaa Tomondo, kazi yangu ilikuwa kutandika vyumba kwenye hoteli moja pwani ya Kiwengwa. Mwezi wa nne masika yalipokolea wageni wakakatika tukaambiwa tukapumzike mpaka tutakapoitwa, na kupumzika kwenyewe ni bila mshahara, sasa nna mtoto wa miaka sita na kodi ya chumba haijui kama mvua inanyesha.

Siku ile ile nikajiambia nitashikamana na Neno kila siku asilani sikosi. Nikapakua ratiba ya kumaliza Biblia mwaka mzima, sura tatu nne kwa siku. Naamka na adhana ya alfajiri (haina haja ya alamu hapa kwetu) mtoto akiwa bado kalala nawasha simu nasoma. Wiki mbili za mwanzo nilikuwa moto kweli, Yusufu kule gerezani nililia kabisa. Sasa nimefika Walawi habari za mafuta ya figo na ukoma wa nyumba, macho yanapita tu (ingawa kwa ukungu uliopo ukutani kwangu na masika haya labda ile ya nyumba ilinihusu). Nafunga simu moyo mzito ule ule. Halafu nikifungua status za watu naona kila mtu kajibiwa, kila mtu ushuhuda.

Nauliza wala sina ubishi, hivi nasoma vibaya au imani yangu ndogo? Kuna mtu kapita hapa akatoka?

kijana_wa_mbweni

Dada pole. Kwanza acha kusoma status za watu, zile si Biblia 😅

Mfano ule mstari wa Yeremia 29:11, mawazo ya amani wala si ya mabaya, kila mtu kauweka. Hebu panda juu mstari mmoja tu. Mstari wa 10 unasema miaka 70. Ile ni barua waliandikiwa watu waliochukuliwa mateka Babeli, na kabla ya hapo wameambiwa jengeni nyumba, pandeni bustani, ozeni watoto wenu, yaani kaeni mtakaa sana huko. Wapo waliosomewa barua ile wakafa bila ya kurudi kwao. Mie nilipoijua hiyo nilikasirika wiki nzima, nikaona nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Baadae ndo nikaona afadhali Mungu anaekwambia ukweli kuwa ni miaka 70 kuliko anaekuahidi Ijumaa. Wewe una miezi miwili hata mitatu haijafika, sisemi haiumi.

bibi_mkunazini

Mwanangu, salaam. Mie mtu mzima, kuandika hapa nasaidiwa na mjukuu wangu na yeye anaharakia mpira, basi mnivumilie.

Hiyo ratiba iweke kando. Biblia ina sura 1,189 na hakuna hata moja itakayokimbia. Mtu mwenye njaa humpi sufuria zima. Chukua Ruthu, milango minne tu, na usome mlango mmoja siku nne, ukimaliza urudie.

Naomi aliondoka Bethlehemu kwa njaa akarudi mikono mitupu, mume kafa, watoto wawili wa kiume wamekufa. Wanawake wa mji wakamshangaa, ndo huyu Naomi? Akawaambia msiniite Naomi niiteni Mara, yaani uchungu, Mwenyezi kanitenda machungu. Kayasema hadharani, na hakuna mahali Biblia imemkemea kuwa imani yake ndogo! Hilo nakujibu wewe. Sasa tizama riziki ilikujaje. Hakuna malaika mle, wala mana haikushuka. Ruthu, mkaza mwanawe, alitoka asubuhi kwenda kuokota masuke nyuma ya wavunaji kwenye shamba la mtu, akaokota mpaka jioni, akapura, akapata kiasi cha efa moja ya shayiri, efa ni kipimo chao cha nafaka cha zamani. Kesho yake akatoka tena, na hivyo hivyo mpaka mavuno yakesha. Ukiisoma haraka unakwenda moja kwa moja kwenye harusi ya mwisho, ila mie kila nikirudia nabaki palepale kwenye kuokota.

Na jengine. Kanisa langu ni hili la Mkunazini. Pale palikuwa soko la watumwa, likafungwa 1873, na Krismasi ya mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Madhabahu wanasema ipo pale pale palipokuwa na mti wa kufungia watu wachapwe. Siku za katikati ya wiki hupenda kwenda mapema kabla watalii hawajajaa, nakaa nyuma nasoma Zaburi ya 88. Ile usingoje haleluya, inaanza kwa kilio na inaishia gizani. Zamani nilikuwa nairuka, nikiona ina nuksi. Mpaka siku moja nikiwa nimekaa pale nikawafikiri waliopita pale kwa minyororo, nikaona kumbe hii ndo wangeweza kuisema, vigelegele vyetu visingewafaa kitu. Imo ndani ya Biblia. Basi Mungu kaikubali isomwe.

Hata Kiswahili hicho unachosomea kina historia ya hapa. Askofu Steere, Mwingereza wa misheni aliyelijenga kanisa hilo, alifasiri Maandiko kwa Kiunguja chetu, na kwenye mtambo wa kuchapia wa misheni walifanya kazi vijana waliokombolewa kwenye majahazi ya watumwa. Mie hilo hunipa nguvu kuliko mahubiri mengi, lakini mjukuu keshaanza kuguna.

Na kodi ya chumba kazungumze na mwenye nyumba mapema, usimkimbie. Kusoma Neno hakukatazi kuzungumza na mwenye nyumba.

jirani_mwema

Mie Muislamu nimepita tu nikaona adhana imetajwa 😄 Sitii mkono kwenye kitabu chenu, ila kwetu tumefundishwa kuwa amali anayoipenda Mungu zaidi ni ile ya kudumu hata ikiwa ndogo. Bibi yangu alikuwa na kurasa zake mbili kila alfajiri, hazidishi hapunguzi, na alikuwa na mazito kuliko sote. Mungu akufungulie riziki dada.

baharia_wete

Asante jirani, umesema.

Dada mie wa Wete, Pemba, bahari ndo ofisi yangu. Kanisani nilikuwa naenda Pasaka na Krismasi basi. Mwaka fulani tumetoka na mashua usiku, kusi limekamata, mashine ikazima katikati ya mkondo na kule kina hakina mwisho, nanga haishiki chochote. Tulipelekwa tu mpaka asubuhi. Tulipookolewa nikaanza kutafuta kwenye Biblia kama kuna habari za bahari nikafika Matendo 27, na tangu hapo nakuwa nayo kila ninapotoka.

Paulo na wenzake walikuwa watu 276, siku nyingi hawaoni jua wala nyota, na Luka anaandika wazi kuwa tumaini lote la kuokoka liliwaondoka. Wale ni pamoja na Paulo mwenyewe jamani. Kisha usiku wakahisi nchi ipo karibu, wakatia bildi wakapata pima ishirini, mbele kidogo wakatia tena wakapata kumi na tano. Wakaogopa miamba, wakatia nanga nne upande wa tezi, yaani nyuma ya chombo, wakaomba kuche. Chombo kilivunjika, lakini watu wote wakafika pwani, wengine juu ya mbao.

Mie kusoma kwangu kila siku nakuchukulia kama ile bildi. Hainiondolei upepo. Ila najua nipo pima ngapi.

mama_wa_tomondo

Jamani nimesoma majibu yote mara mbili, bibi shkamoo na ahsante sana, nimemsomea mtoto habari ya Naomi kabla ya kulala akauliza kwani masuke yanaliwa mabichi. Ratiba nimeifuta kwenye simu. Mwenye nyumba nitamfuata kesho.

Ila kaka wa Wete, bildi ndo kitu gani? Mie mtu wa bara, nilikuja huku na kazi.

baharia_wete

Hahaa samahani. Ni pande la risasi linafungwa kamba yenye alama za pima, unaliteremsha mpaka liguse chini. Wazee walikuwa wanalipaka mafuta mazito kule chini yake, likipanda linakuja na mchanga au matope au hakuna kitu, basi unajua hapa nanga itashika au haishiki.