Tumekuta udongo mweusi na mawe yaliyopasuka kwenye msingi, ni nini hiki?

fundi_kibosho: Wakuu habari za jioni, tunachimba msingi huku Kibosho, kihamba (shamba la nyumbani) kiko bondeni karibu kabisa na mto, sasa jana kwenye mita moja na nusu tukakuta udongo mweusi tii, mkaa mkaa ndani yake na mawe mengi saizi ya ngumi yamepasuka pasuka, mengine ukiyaminya yanasagika. Mzee jirani anasema ni tanuru la mkaa, vijana wangu wao wanasema kuna mali ya Mjerumani imefukiwa (hii mali ya Mjerumani itakuja kuua mtu). Bosi anataka zege Jumamosi. Nifanyeje?

mama_usariver: Mangi usimwage zege kwanza. Kuna mdogo wangu yuko Ireland kwenye ujenzi wa barabara, anasema kule vitu kama hivyo wanakutana navyo kila leo, wanaita fulacht fiadh, vipo maelfu na vingi ni vya zama za bronzi, miaka kama 3,500 iliyopita. Walikuwa wanachimba shimo karibu na maji, wanalizungushia mbao lisimomonyoke, wanachoma mawe mpaka yanakuwa mekundu wanayatumbukiza, maji yanachemka. Jiwe likishapasuka halifai tena wanatupa pembeni, ndo rundo linakua. Ulikuta shimo hapo?

ndafu_na_mbege: Maji ya shimo yachemke kwa mawe? Hapana bana

mama_usariver: Yanachemka baba. Miaka ya 1950 mtaalamu anaitwa O'Kelly alijaribu hukohuko, kama nusu saa tu yakachemka, akapika paja la kondoo amelifunga kwa majani makavu, masaa matatu na dakika 40 likaiva. Na 2007 wengine kule Galway wakapikia pombe kabisa, so wewe wa mbege ungeenda vizuri tu 😂 Wengine wanasema yalikuwa mabafu, wengine kutia nguo rangi, hawajakubaliana mpaka leo.

mpare_wa_ugweno: Ya Ireland yabaki Ireland, huku kwetu angalia kwanza mavi ya chuma, yale mabaki ya kuyeyusha chuma. Ni mazito, meusi, yana vitundu na sehemu inang'aa kama chupa iliyoyeyuka. Sisi Upare tulifua chuma zamani sana na Wachaga walikuwa wanunuzi wetu wakubwa. Ila kuwa makini, mawe ya Kilimanjaro ni ya volkano, vitundu yanavyo toka kuzaliwa, pima kwa uzito. Halafu sheria ya mambo ya kale ipo toka 1964, ukikuta mabaki ya kale unatakiwa utoe taarifa. Na mkaa usiuzoe, huo ndo unaopimwa kujua miaka.

fundi_kibosho: Asanteni. Shimo sijaliona ila mavi ya chuma hamna, mawe ni mepesi, na leo asubuhi kijana kaokota kigae cha chungu kina masizi upande mmoja. Nimepiga picha nimeweka futi pembeni, kona hiyo nimeifunika turubai tunaendelea upande wa juu. Kesho naenda kwa mtendaji. Bosi kanuna hapokei simu.

ndafu_na_mbege: Kigae kina masizi ndani au nje?