Watu wa kawaida waliwezaje kuishinda serikali ya makaburu mahakamani?

Mdau_Historia:

Habari zenu wakuu. Nimekuwa nikisoma kuhusu Afrika Kusini enzi za ubaguzi wa rangi na kuna jambo linanitatiza. Nilivyofundishwa, majaji walikuwa weupe, Bunge lilikuwa la weupe, na sheria zilitungwa makusudi kumkandamiza mweusi. Sasa nakutana na kesi za miaka ya 1980 ambapo vibarua na akina mama wa kawaida waliishtaki serikali wakashinda, tena mpaka Mahakama ya Rufani. Komani. Rikhoto. Walishindaje? Na kama walishinda, mbona mfumo haukuanguka siku hiyo? Naomba mwenye kuelewa anifafanulie kwa mifano, nadharia nimeshashiba.

Kisu_Kikali:

Danganya toto hiyo. Kesi mbili tatu waliziachia ili dunia ione wana mahakama huru. Makaburu waling'olewa na migomo, vikwazo na damu ya Soweto, hakuna jaji aliyewang'oa.

Mzee wa Masjala:

Mdau mwanangu, salaam. Mimi si wakili. Nimestaafu kazi ya masjala ya mahakama, maisha yangu yote nimeyamalizia katikati ya majalada, kwa hiyo nitakueleza kikarani: nani alinyimwa karatasi gani, na aliyemnyima alisema nini. Kisu nitamrudia.

Kwanza elewa kwamba Bunge lao lilikuwa halizuiliki. Hapakuwa na orodha ya haki za raia ndani ya katiba ambayo jaji angeishika na kusema sheria hii ni batili. Bunge likisema mweusi asikae mjini, imetoka hiyo. Lakini Bunge haliandiki kila kitu. Linatunga sheria, waziri anatunga kanuni, bodi ya kusimamia weusi wa mjini inatunga utaratibu wake, na karani wa dirishani naye anaongeza ya kwake. (Makarani nawajua.) Kila ngazi ina mamlaka iliyopewa na ngazi ya juu yake tu. Ikivuka hapo, jaji anaweza kuifuta kanuni bila kuligusa Bunge. Mawakili wa wanyonge walipenya hapo.

Sasa chukua kifungu cha 10 cha sheria ya maeneo ya mijini ya mwaka 1945, jinsi kilivyokazwa mwaka 1952. Mtu mweusi hakuruhusiwa kukaa mjini zaidi ya saa 72 ila awe na sababu mojawapo: amezaliwa hapo na hajawahi kuhama, au amemtumikia mwajiri mmoja miaka 10 mfululizo, au amekaa kihalali miaka 15, au ni mke, binti asiyeolewa au mtoto wa kiume wa chini ya miaka 18 wa mtu mwenye haki hiyo, na anaishi naye, au amepewa kibali maalumu. Haki hiyo ilionekana kwa muhuri ndani ya pasi, yaani kitabu cha kitambulisho ambacho mweusi alilazimika kutembea nacho. Asiye na muhuri alikamatwa barabarani, akapelekwa mahakama za pasi ambako kesi ilimalizika kwa dakika chache, kisha ni faini, jela, au kurudishwa "kwao" hata kama huko kwao hakuwahi kuishi. Tangu 1916 hadi 1984, waliokamatwa au kushtakiwa kwa sheria za pasi wanakadiriwa kuzidi milioni 17. Hiyo ndiyo hali waliyoikuta akina Komani.

Veli Komani alikuwa mfanyakazi Cape Town, anaishi Gugulethu, na muhuri wa kukaa mjini anao. Mkewe, Nonceba, alimfuata. Akapewa ruhusa ya muda, kisha alipoomba aongezewe akakataliwa. Angalia hoja ya bodi ilivyo ya kikarani: ndiyo, sheria inamtambua mke, lakini kanuni zetu zinataka kila anayelala ndani ya nyumba ya kitongoji awe na kibali cha mpangaji, na huyu hana. Nani anatoa kibali cha mpangaji? Bodi ileile. Bunge lilimpa mama yule haki kwa mkono mmoja, bodi ikamnyang'anya kwa mkono wa pili.

Komani alikwenda kwenye ofisi ya ushauri ya Black Sash kule Athlone. Hao walikuwa wanawake, wengi wao weupe, waliojikusanya mwaka 1955 na kusimama kimya barabarani wamejifunga ukanda mweusi kuomboleza katiba iliyokuwa ikichezewa na serikali. Baadaye wakafungua ofisi za kuwasaidia watu na mambo ya pasi. Kesi ikafunguliwa, mahakama ya Cape ikawakatalia. Rufani ikaenda Bloemfontein, yalipo makao ya Mahakama ya Rufani, ikabebwa na Arthur Chaskalson wa Legal Resources Centre, kituo cha mawakili kilichofunguliwa Johannesburg mwaka 1979. Kabla ya hapo Chaskalson alikuwa miongoni mwa mawakili wa Mandela kwenye kesi ya Rivonia. Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ikasema: sheria ya Bunge imempa mke haki ya kuishi na mumewe, na kanuni ya kibali cha mpangaji haiwezi kumpokonya haki hiyo. Kanuni ikaanguka.

Rikhoto nitaandika jioni, macho yamechoka.

Mdau_Historia:

Asante sana mzee wangu. Yaani serikali ilishindwa kwa sheria yake yenyewe! Nasubiri ya Rikhoto. Swali dogo: baada ya hukumu ya Komani, wake wengine wote walipata muhuri moja kwa moja?

Mzee wa Masjala:

Thubutu. Maofisa walifanya kama hukumu ile ilimhusu mama mmoja tu. Mwanamke anafika dirishani, anaambiwa hatujapokea maelekezo, njoo wiki ijayo, lete cheti cha ndoa, lete barua ya mwenye nyumba. Nikisoma habari hizo nawaona kabisa wale makarani, maana ukitaka kuua hukumu hakuna silaha nzuri kama "njoo wiki ijayo". Ndiyo maana nasema wenye kazi kubwa walikuwa wale wa ofisi za ushauri. Waliandika majina, wakawafuatilia waombaji mmoja mmoja, wakapeleka barua za mawakili, na bodi iliyoendelea kukaidi ikatishiwa kesi nyingine. Jaji wa Bloemfontein hakupiga muhuri hata mmoja. Mihuri ilipatikana kwa kurudi dirishani.

Haya, Rikhoto. Mehlolo Tom Rikhoto alifanya kazi Germiston, mashariki mwa Johannesburg, kwa mwajiri mmoja tangu 1970. Alikuwa mfanyakazi wa mkataba kutoka Gazankulu, mojawapo ya bantustani, yaani maeneo waliyotengewa weusi kuwa ndiyo "kwao". Tangu 1968 kanuni zilitaka mtu wa namna hiyo mkataba wake uishe kila mwaka, arudi bantustani, asajiliwe upya, ndipo aitwe tena kazini. Rikhoto alipotimiza miaka 10 akaomba muhuri wa kukaa mjini. Bodi ya East Rand ikamjibu: wewe hujafanya kazi miaka 10 mfululizo, umefanya kazi mwaka mmoja mara 10.

Jibu hilo lisome taratibu. Walimlazimisha kwenda nyumbani kila mwaka, kisha wakasema safari hiyohiyo imemvunjia mfululizo. Huo mtego ulikuwa umetegwa makusudi, ili mtu azeekee mjini bila kuwa wa mjini.

Legal Resources Centre wakalichukua jalada. Mwaka 1981 mahakama ya Johannesburg ikampa Rikhoto ushindi. Bodi ikakata rufani, na tarehe 30 Mei 1983 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Ikasema kazi ilikuwa moja, mwajiri mmoja, na pande zote mbili zilijua atarudi. Likizo haikati mfululizo. Kwa hukumu hiyo maelfu kwa maelfu ya wafanyakazi wa mikataba walikuwa na haki ya kuomba muhuri, na foleni zikaanza.

Kisu_Kikali:

Mzee, umeeleza vizuri ila umeishia patamu. Mwaka huohuo wa 1983 Bunge halikubadilisha sheria?

Mzee wa Masjala:

Lilibadilisha, na sikutaka kulificha. Hukumu yenyewe hawakuifuta moja kwa moja, dunia ilikuwa inaangalia. Wakapita pembeni: aliyepata haki kwa njia ya Rikhoto, mke na watoto wake wamfuate tu kama ana nyumba yake mwenyewe, ya kununua au ya kupanga kwa jina lake. Nyumba vitongojini zilikuwa za kusubiri miaka na miaka. Kwa hiyo baba akapata muhuri, familia ikabaki bantustani. Sheria za pasi zenyewe zilifutwa 1986, na hapo nakubaliana na wewe kwamba watu walikuwa wamekwisha kuzivunja kwa miguu yao, wanaingia mjini kila siku kuliko polisi walivyoweza kuwakamata.

Lakini hilo la "waliziachia" silikubali. Serikali inayoachia haikati rufani, wala haikimbilii Bungeni kuziba tundu.

Kisu_Kikali:

Sawa. Na Steve Biko je, yule mwanaharakati aliyefia mikononi mwa polisi? Wakili bora kuliko wote alikuwepo, Sydney Kentridge, na bado hakuna aliyewajibishwa.

Mzee wa Masjala:

Ni kweli. Biko alifariki 12 Septemba 1977, na mwisho wa mwaka ukafanyika uchunguzi wa kifo chake, Pretoria. Hakimu Prins alisoma uamuzi wake kwa dakika chache tu: hakuna wa kulaumiwa. Ukihesabu kwa uamuzi, familia ilishindwa.

Ila nenda kasome mahojiano. Kentridge alimuuliza Kanali Goosen, mkuu wa polisi wa usalama wa Port Elizabeth, ni sheria gani inayompa mamlaka ya kumfunga mtu minyororo. Goosen akajibu kwamba wao hawafanyi kazi kwa kufuata sheria. Kentridge akamshukuru, akasema hilo ndilo walilokuwa wakilishuku siku zote. Jibu hilo likaandikwa kwenye kumbukumbu za mahakama, kutoka kinywani mwa polisi mwenyewe, mbele ya waandishi wa habari. Kwa karani kama mimi hilo si jambo dogo.

Na hilo lako, kwamba mahakama zilikuwa pambo la mfumo tu, liliwahi kubishaniwa huko kwao. Mwaka 1983 profesa wa sheria, Raymond Wacks, alisema jaji mwenye dhamira njema hana budi kujiuzulu, maana akibaki anaupamba mfumo. John Dugard, profesa mwenzake wa sheria, akampinga: ukimwambia jaji mwema aondoke, kwa nini usimwambie na wakili mwema aondoke? Na wakili akiondoka, mtu wa dirishani anabaki na nani? Mimi niko upande wa Dugard, ingawa hoja ya Wacks bado inanikera kwa sababu sijapata jibu la kuimaliza.

Binti_Kifungu:

Samahani wakubwa, naomba niongeze mawili, kwani pasi haikuwa kila kitu.

La kwanza ni kesi ya Govender, 1982. Wapangaji wenye asili ya Kihindi na machotara walikuwa wakihamia maeneo yaliyotengwa kwa weupe Johannesburg, kama Mayfair, kwa sababu maeneo yao hayakuwa na nyumba. Mahakimu walizoea kwamba mpangaji akipatikana na hatia, anaamriwa kuhama hapohapo. Jaji Richard Goldstone akasema sheria imempa hakimu hiari, na hiari inataka aulize kwanza: huyu akitoka hapa ataenda wapi? Kwa kuwa nyumba hazikuwepo, kuwafukuza watu kukawa kugumu sana, na mashtaka ya namna hiyo yakapungua mno.

La pili ni Port Elizabeth, mji uleule wa Goosen. Mwaka 1985, wakati wa hali ya hatari, daktari kijana wa serikali aitwaye Wendy Orr aliwapima wafungwa waliokuwa wakiletwa na majeraha ya kipigo. Mkuu wake wa kazi alikuwa Dakta Lang, mmoja wa madaktari waliomwona Biko mwaka 1977 wakanyamaza. Orr hakunyamaza. Alitoa hati ya kiapo, mahakama ikatoa zuio kuwakataza polisi kuwapiga mahabusu. Wafungwa walikuwa wakisema maneno yaleyale miaka yote. Safari hii walikuwa na rekodi za daktari wa serikali yenyewe.

Mdau_Historia:

Hili la Lang sikulijua kabisa. Swali la mwisho mzee: hao mawakili walilipwa na nani? Rikhoto asingeweza kuwalipa.

Mzee wa Masjala:

Hakulipa hata senti, kituo hakikuwatoza wateja. Fedha zilitoka kwa wafadhili, wakubwa wakiwa wa Marekani: Carnegie, Ford, Rockefeller. Najua Kisu atasema kitu hapa, mwache aseme. Kwa kuwa fedha zenyewe zilikuwa za kupimiwa, walichagua. Talaka au ajali ya gari ya mtu mmoja haikuwa kazi yao; walitafuta jalada ambalo likishinda linafungua na mengine elfu yaliyofanana nalo. Anza kusoma hukumu ya Rikhoto ya 1983, ni nyepesi kuliko ya Komani.