Hivi kuandika tarehe na kipimo cha malaria kwenye daftari la mgonjwa kuna ugumu gani? Huku Mtwara tumechoka!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Mkoa huu malaria si mgeni. Mtoto akichemka usiku, kabla hakujapambazuka bibi yake kashasema malaria hiyo. Lakini ugonjwa huu tunaouguza kila leo ndio unaoandikwa hovyo kuliko yote. Ukifungua daftari la mtu unakuta "historia ya malaria", basi. Aliugua lini? Alipimwa au walikisia? Alipewa dawa gani, na alimaliza? Hakuna.

Mtoto wa dada yangu ana miaka minne. Aliugua kijijini, upande wa Tandahimba. Zahanati wakampima, kweli ikawa malaria, wakampa dawa mseto, akameza zote na homa ikakata. Daftarini likaandikwa jina la dawa tu, mwandiko wa kukimbizwa. Tarehe hakuna, kipimo hakuna.

Siku chache baadaye homa ikarudi, safari hii na kikohozi. Mama yangu, yaani bibi yake, akamleta mjini, tukaenda kituo kimoja ambacho sikitaji. Mama hajui kusoma, ila vitu anatunza. Akafungua pindo la khanga, akatoa pakiti tupu ya dawa mseto, ile yenye vichoro vya vidonge vya asubuhi na jioni, akaiweka mezani. "Baba, mjukuu wangu kamaliza hizi juzijuzi tu." Tabibu hakuigusa. "Mama, tusubiri majibu." Majibu yakaja, MRDT (kile kipimo cha haraka cha malaria) chanya. Dawa mseto tena, rudini nyumbani.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo watoto wetu wanapoumizwa. MRDT tunazopimwa nazo hutafuta protini ya kimelea inayoitwa HRP2. Vimelea vikishakufa kwa dawa, protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa, wakati mwingine zaidi ya mwezi. Kwa hiyo mtu aliyetibiwa majuzi anaweza kupima chanya na malaria hana. Kinachotakiwa ni damu iangaliwe kwenye darubini, waone kama vimelea vipo, na homa itafutiwe sababu nyingine. Lakini hayo yote yanategemea mhudumu ajue kwamba mgonjwa katoka kutibiwa. Atajuaje kama daftari limenyamaza na bibi hasikilizwi?

Mtoto alikuwa na nimonia. Tuliambiwa hospitali nyingine, baada ya mtu kumvua shati, kumtazama kifua na kuhesabu pumzi zake. Wakati huo alishaanza kubana mbavu. Kalazwa, kapona, Mungu mkubwa.

Nikilalamika naambiwa wagonjwa wengi, wahudumu wachache. Najua, foleni za asubuhi nazikaa. Lakini kitabu cha wagonjwa wa nje cha MTUHA, ile rejesta ya takwimu za afya, mbona kinajazwa? Jina, umri, ugonjwa, dawa, vyote vimo, maana takwimu zinasubiriwa wilayani. Kumbe muda wa kuandika upo! Ila rejesta inabaki kituoni na mgonjwa anaondoka. Akienda kituo kingine anaanza moja, kama hajawahi kuugua.

Na wanaolazwa kwa malaria kali je? Wakishachomwa artesunate, ile sindano ya malaria kali, wapo ambao damu hupungua wiki moja hadi tatu baadaye, kwa sababu chembe nyekundu huvunjika kwa kuchelewa. Huyo anatakiwa aangaliwe damu tena. Karatasi ya kuruhusiwa ikiandikwa "malaria, amepona", akirudi mweupe macho na anahema, atakayempokea ataanzia wapi?

Tunachodai ni mstari mmoja: tarehe, MRDT au darubini, majibu, dawa na siku aliyomaliza, alichomwa sindano au hakuchomwa. Kama hakupimwa, iandikwe hakupimwa, isije ikageuka "malaria ya mara kwa mara" ya kumfuata mtu maisha yake yote.

Wahudumu mlioko Masasi, Newala, Nachingwea, Lindi mjini, najua humu mpo. Njooni mjibu. Nani aliwaambia rejesta ijae na daftari la mgonjwa libaki tupu? Kama kuna mwongozo unaosema hivyo, uwekeni hapa tuusome.